Nyota Anayepotea Mechi Inapokuwa Kubwa

Zilikuwa zimebaki takribani dakika tatu na nusu, na Philadelphia 76ers walikuwa nyuma ya Atlanta Hawks kwa pointi mbili, 88 kwa 86, katika mechi ya saba na ya mwisho ya nusu fainali ya Kanda ya Mashariki ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, tarehe 20 Juni 2021. Ben Simmons wa 76ers aliupokea mpira akiwa amekipa kikapu mgongo, akamzunguka Danilo Gallinari, na alipogeuka hakumkuta chini ya pete mtu mwingine isipokuwa Trae Young, mchezaji mwembamba ambaye Simmons anamzidi kimo kwa takribani sentimita 20. Kwa mtu mwenye urefu wa mita 2.08 na miguu yenye nguvu kama ile, hapo palibaki kazi moja tu, kuruka na kuutumbukiza mpira. Hakuruka. Aliusukuma kwa Matisse Thybulle aliyekuwa akija kutoka pembeni, Thybulle akachezewa faulo, akaingiza mtupo huru mmoja kati ya miwili. Hawks walishinda 103 kwa 96, na 76ers, waliomaliza msimu wa kawaida wakiongoza kanda yao, wakaaga mashindano mbele ya mashabiki wao.

Nimeanza na tukio hili kwa sababu ndani yake Simmons hakukosa chochote. Kumbukumbu rasmi za mechi hazionyeshi mtupo wake uliogonga pete na kurudi, wala mpira alioporwa. Zinaonyesha pasi iliyomfikia mwenzake salama. Hata hivyo, kila aliyekuwa akitazama alijua kwamba ameona mchezaji akiikimbia mechi. Ndiyo maana naona kipimo tunachokitumia kumhukumu mchezaji anayezidiwa na mechi kubwa, yaani hesabu ya mitupo aliyokosa, kinatupoteza njia. Anayekosa bado yumo mchezoni. Wa kuchunguzwa ni yule ambaye mitupo yake inapungua kadiri mechi inavyozidi kuwa nzito, na nitajaribu kuonyesha kwamba nyuma ya kupungua huko mara nyingi kuna kasoro ya ufundi ya miaka mingi, ambayo msimu wa kawaida uliifunika.

Presha yenyewe ipo, na hakuna haja ya kuikana. Mwaka 2011 watafiti Zheng Cao, Joseph Price na Daniel Stone walichapisha uchambuzi wao wa mitupo huru ya NBA, na wakakuta kwamba katika sekunde za mwisho za mechi zinazokaribiana sana wachezaji hushuka chini ya kiwango chao cha kawaida kwa pointi kati ya 5 na 10 za asilimia. Walioathirika zaidi ni wale ambao hata siku za kawaida si walengaji wazuri, na hali huwa mbaya zaidi kwenye mtupo wa pili, pale wa kwanza unapokuwa umekosa. Lakini kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo halitajwi sana, nalo ndilo linalonisumbua: hawakupata ushahidi kwamba wachezaji hulenga vibaya zaidi kwa sababu tu mechi ni ya hatua ya mtoano. Saa na matokeo ubaoni vilionekana kuwa na uzito. Jina la mechi halikuonekana kuwa nao.

Fikiria maana yake. Kwenye mstari wa mtupo huru mchezaji yuko peke yake. Hakuna beki, hakuna mtego, hakuna mkono usoni. Ikiwa huko, ambako kitu pekee kinachoweza kubadilika ni moyo wa mrushaji, hatua ya mtoano haileti tofauti ya kuonekana kwa jumla, basi nyota anayeng'ara mwaka mzima kisha akafifia inapofika hatua hiyo anahitaji maelezo mengine zaidi ya kuambiwa ana moyo wa kuku. Nayo maelezo yanayojitokeza mbele ya macho ni mpinzani. Katika msimu wa kawaida timu hucheza mechi 82, ikifika mji mmoja usiku na kuondoka asubuhi, na kocha mpinzani hupata saa chache tu za kukuandalia mpango. Katika mtoano mpinzani huyo huyo anakukabili hadi mara saba ndani ya wiki mbili, akiwa amekutazama kwenye video mpaka anajua ni bega gani unaloliangusha kabla ya kupenya. Kasoro uliyoizungukia tangu Oktoba anaiwekea kiti na kuikalia.

Kwa Simmons kasoro hiyo haikuwa siri. Alichaguliwa wa kwanza katika uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2016, akawa mchezaji bora chipukizi mwaka 2018, akaitwa mara tatu kwenye mechi ya nyota, na miaka yote hiyo hakuwahi kuwa na mtupo wa mbali wa kuaminika; wapo waliofika hadi kubishana kama kweli anapaswa kurusha kwa mkono wa kushoto anaoutumia. Katika msimu wa kawaida wa 2020 na 2021 aliingiza asilimia 61.3 ya mitupo huru, kiwango kibaya lakini kinachovumilika. Katika hatua ya mtoano ya mwaka huo aliingiza 25 kati ya 73, sawa na asilimia 34.2. Katika mechi ya tano dhidi ya Hawks, ambayo 76ers waliongoza kwa pointi 26 kisha wakaipoteza, aliingiza 4 kati ya 14, huku wapinzani wakimchezea faulo kwa makusudi ili apelekwe mstarini mbele ya watu.

Sasa rudi pale chini ya pete, yeye na Young. Tukiutazama uamuzi wake tukiwa na takwimu hizo mkononi, unaanza kueleweka, ingawa bado unaumiza. Akiruka, huenda Young akamning'inia mkononi. Akichezewa faulo, atatembea hadi mstarini ambako katika wiki hizo alikuwa akikosa karibu mara mbili katika kila tatu, uwanja mzima ukimkodolea macho. Pasi ile ilikuwa ya kujitoa lawamani. Kwa hiyo tunachokiita woga wa mechi kubwa kilikuwa na anwani kamili: mtupo huru ambao haukuwahi kutengenezwa, uliomfanya auogope mgongano, uliomfanya aikwepe pete. Katika robo ya mwisho ya mechi zote hizo saba kwa jumla, mchezaji huyo aliyelipwa kama nguzo ya timu alijaribu kufunga mara tatu tu.

Kukosa kwenyewe ni jambo la namna nyingine, na mfano wake mchungu zaidi ni Nick Anderson wa Orlando Magic. Tarehe 7 Juni 1995, katika mechi ya kwanza ya fainali, Magic walikuwa mbele ya Houston Rockets kwa pointi tatu huku zikiwa zimebaki sekunde kama kumi, na Anderson alikuwa mstarini na mitupo miwili. Mmoja tu ukiingia, mechi imekwisha. Umbali ni ule ule wa takribani mita 4.6 kutoka kwenye ubao, pete iko juu mita 3.05 kama ilivyo kila siku, na upana wake unakaribia mara mbili ya mpira. Alikosa wa kwanza, akakosa wa pili, akauwahi mwenyewe mpira uliorudi, akachezewa faulo tena, akapewa mitupo mingine miwili. Akakosa yote. Kenny Smith akafunga pointi tatu na kusawazisha, mechi ikaongezwa muda, na Hakeem Olajuwon akaimaliza kwa kuugusa mpira uliorudi na kuuingiza wakati saa ikiwa imebakiza sekunde 0.3. Rockets walishinda 120 kwa 118, kisha wakashinda mechi tatu zilizofuata na kutwaa ubingwa.

Kwa walioutazama mpangilio wa mitupo ile minne, maelezo ya wanasaikolojia yanaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Kitendo kilichorudiwa maelfu ya mara hutoka nje ya fikra na kukaa mwilini. Mkono unakijua, kichwa kimeshakisahau. Mchezaji anapoogopa matokeo huanza kukisimamia kile ambacho kilikuwa kinajiendesha: anawaza kiwiko kikae wapi, magoti yakunjwe kiasi gani, kidole kipi kiuachie mpira mwisho, na kwa kuwaza hivyo anakikata vipande kitendo kilichokuwa kizima. Kosa la kwanza linaongeza usimamizi huo, na usimamizi unaleta kosa la pili. Ni sawa na mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake gizani bila tatizo, kisha siku moja akaanza kuhesabu miguu yake.

Anderson, ninavyoona mimi, hakuwa mwoga usiku ule. Aliupigania mpira uliorudi, na mtu anayetaka kujificha haupiganii. Masaibu yake halisi yalikuja baadaye: msimu ule wa 1994 na 1995 alikuwa ameingiza asilimia 70.4 ya mitupo yake huru, na kufikia msimu wa 1996 na 1997 alikuwa ameanguka hadi asilimia 40.4. Sekunde chache za mwezi Juni ziliachwa bila matibabu zikageuka ugonjwa wa kudumu, na mchezaji asiyeuamini mkono wake mstarini ana kila sababu ya kuacha kupenya katikati ya mabeki. Hapo ndipo kukosa na kukwepa hukutana: kovu la kosa moja likiachwa, huzaa ukwepaji wa miaka.

Ni kwa sababu hiyo pia siwezi kumweka Karl Malone wa Utah Jazz katika kundi la wanaokimbia. Tarehe 1 Juni 1997, siku ya Jumapili, katika mechi ya kwanza ya fainali, alikuwa mstarini zikiwa zimebaki sekunde 9.2 na matokeo yakiwa 82 kwa 82. Scottie Pippen alimsogelea na kumwambia kwamba mpeleka barua hafanyi kazi Jumapili, akiucheza utani juu ya jina la Malone la uwanjani, Mailman, yaani mpeleka barua. Alikosa yote miwili, na Michael Jordan akaipa Chicago Bulls ushindi kwa mtupo wa mwisho. Cha ajabu kidogo ni kwamba watafiti wale wa mwaka 2011 hawakupata dalili za kuporomoka pale matokeo yanapokuwa sare katika sekunde za mwisho, labda kwa kuwa anayekosa bado hajaipoteza mechi. Malone hakuufuata utaratibu huo, na wastani wa watu wengi haumfungi mtu mmoja.

Mchezaji anayenipa kazi ngumu kuliko wote ni James Harden, kwa kuwa anaharibu hukumu zote mbili, ya wanaomtetea na ya wanaomdhihaki. Alikuwa mchezaji bora wa msimu mwaka 2018. Mwaka huo huo, katika mechi ya saba dhidi ya Golden State Warriors, timu yake ya Houston ilikosa mitupo 27 mfululizo ya pointi tatu na kufungwa 101 kwa 92, naye akiwa ameingiza miwili tu kati ya 13 ya aina hiyo. Wengi hulitaja pigo hilo kama ushahidi mkuu dhidi yake. Mimi naliona kuwa ushahidi dhaifu: alijaribu kufunga mara 29 usiku ule, akapata pointi 32, akiucheza mpango ule ule uliowafikisha pale, bila mwenzake Chris Paul aliyekuwa majeruhi. Mtu aliyepotea uwanjani harushi mara 29.

Mashaka yangu juu yake yanatoka kwenye mechi nyingine. Mwaka 2017, katika mechi ya sita dhidi ya San Antonio Spurs waliokuwa wakicheza bila nyota wao Kawhi Leonard, Houston walifungwa 114 kwa 75 nyumbani kwao na Harden, aliyekuwa na wastani wa pointi 29 msimu ule, akajaribu kufunga mara 11 na kuambulia pointi 10. Mwaka 2023, akiwa Philadelphia, aliwafunga Boston Celtics pointi 45 katika mechi ya kwanza na 42 katika ya nne, akiwemo mtupo wa ushindi. Kisha ikaja mechi ya saba, akajaribu mara 11, akapata pointi 9, huku Jayson Tatum wa upande wa pili akifunga 51. Mwaka 2025, akiwa Los Angeles Clippers, alifika mechi ya saba dhidi ya Denver Nuggets akajaribu mara 8 tu, pointi 7. Mtu aliyewafunga Celtics mara mbili kwa namna ile hawezi kuambiwa kwamba hana moyo. Lakini idadi ya mitupo yake inaposhuka kwa utaratibu namna hii katika mechi za kufa na kupona, katika timu tatu tofauti, bahati mbaya haitoshi kuwa maelezo.

Maelezo yangu ni kwamba mchezo wa Harden umejengwa juu ya nguzo mbili, kurudi hatua nyuma na kurusha kutoka mbali, au kupenya na kuvuna faulo, na zote mbili hudai miguu yenye nguvu na beki asiyemjua. Kufikia mechi ya saba miguu imechoka na beki ameshajifunza kuweka mikono yake mbali. Hana nguzo ya tatu, kama vile mtupo wa umbali wa kati au mchezo wa bila mpira, wa kumsitiri siku hizo. Anapofunga milango miwili mpinzani, Harden hutoa pasi, na pasi zake ni nzuri mno kiasi kwamba mtu anaweza kumtazama kwa nusu saa bila kutambua kwamba ameshaondoka mchezoni. Sidai kuyajua yaliyomo kichwani mwake. Nasoma tu kinachoonekana.

Ikiwa uchambuzi huu una ukweli, basi ushauri unaotolewa kwa wachezaji wa namna hii hauna maana kubwa. Kumwambia mtu ajiamini, awe na roho ngumu, aonyeshe kuwa yeye ni simba, ni kumtaka atoe alichokosa. Zaidi ya hapo, ni kumwongezea usimamizi wa nafsi ambao ndio uliouvuruga mkono. Sian Beilock na Thomas Carr, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 2001 kwa kutumia mchezo wa gofu, waliona kwamba waliojifunza huku wakirekodiwa na kamera, wakijua kuwa watatazamwa, hawakuporomoka presha ilipoletwa. Walioporomoka ni waliokuwa wamejifunza katika hali ya kawaida. Kwa kocha wa kikapu hii ni habari ya kufanyia kazi asubuhi inayofuata: mitupo huru mia moja peke yako katika ukumbi mtupu haifanani na miwili huku wenzako wamepanga mstari, wamechoka, na kukosa kwako kunawarudisha wote kukimbia.

Dirk Nowitzki ni kielelezo cha kwanza cha mtu aliyepona. Mwaka 2006 Dallas Mavericks waliongoza fainali mechi mbili kwa bila dhidi ya Miami Heat, na katika sekunde za mwisho za mechi ya tatu Nowitzki, mlengaji wa asilimia 90, alikosa mtupo huru ambao ungesawazisha. Miami walishinda mechi hiyo 98 kwa 96, kisha tatu zilizofuata. Mwaka 2007 akiwa mchezaji bora wa msimu, katika timu iliyoshinda mechi 67, alitolewa raundi ya kwanza na Warriors, na katika mechi ya mwisho aliingiza mara mbili tu kati ya 13. Kwa lugha ya vijiweni alikuwa ameshapigwa muhuri. Aliendelea kufanya kazi na mwalimu wake wa tangu ujana, Holger Geschwindner, ambaye alikuwa amemzoesha hata kuimba kimoyomoyo anapokuwa mstarini, ili kichwa kipate shughuli na mkono uachwe ufanye kazi yake. Akaunoa ule mtupo wa mguu mmoja huku akirudi nyuma, ambao beki yeyote, awe mrefu au mfupi, hakuwa na la kuufanya. Nguzo ya tatu, kwa maneno mengine. Mwaka 2011, katika mechi ya kwanza ya fainali ya Kanda ya Magharibi dhidi ya Oklahoma City Thunder, aliingiza mitupo huru 24 kati ya 24, na katika fainali akaingiza 45 kati ya 46.

Aliyekuwa upande wa pili wa fainali hiyo ni LeBron James wa Miami, akiwa na umri wa miaka 26, na aliyoyafanya pale yanatisha hata leo. Wastani wake ulishuka kutoka pointi 26.7 za msimu wa kawaida hadi 17.8, na katika robo ya mwisho ya mechi zote sita alifunga pointi 18 kwa jumla. Dallas waliziba njia za kupenya, wakamwachia umbali wa kurusha, na wakati mwingine walimpa J. J. Barea, mmoja wa wachezaji wafupi kabisa uwanjani, kazi ya kumkaba. Mchezaji mwenye mwili wa LeBron alitakiwa kumgeuzia Barea mgongo, amsukume hadi chini ya pete na kufunga. Hakuwa na ufundi huo, kwa hiyo alisimama pembeni na kupitisha mpira.

Kiangazi hicho alikwenda Houston kwa Olajuwon, mzaliwa wa Lagos na yule yule aliyeuzima ushindi wa Orlando mwaka 1995, kujifunza kucheza akiwa amekipa kikapu mgongo. Tarehe 7 Juni 2012 Miami walikuwa Boston, nyuma kwa mechi tatu dhidi ya mbili, wakifungwa wametoka. LeBron alirusha mara 26 na kuingiza 19, akamaliza na pointi 45, na Miami wakashinda 98 kwa 79 katika safari iliyoishia kwenye ubingwa wake wa kwanza. Siku na mwezi kama huo mwaka uliotangulia, katika mechi ya nne ya fainali kule Dallas, alicheza dakika 46 na akarusha mara 11.